Usiulize objekti ni ya aina gani

Depo ya unga pale Kenya (komine yetu ya Lubumbashi, si nchi) hulipwa keshi, kwa M-Pesa au kwa Airtel Money, mara dola, mara faranga. Programu za mauzo ninazoletewa nizirekebishe zimejaa isinstance, yaani amri ya Python inayouliza objekti (kitu ndani ya programu) ni ya aina gani: kama ni keshi fanya hivi, kama ni M-Pesa fanya vile. Siku Orange Money inapoongezwa, unapekua faili zote.

Anza na sehemu ya programu inayoomba kazi, si ile inayoifanya. Kaunta inataka nini? Ipokee kiasi, itoe risiti. Basi intafesi ya malipo (orodha ya kazi ambazo kila njia ya malipo inaahidi kuzifanya) iwe na metodi, yaani kazi, moja tu: pokea. Kurudisha pesa hakuwezekani kwa kila njia, kwa hiyo kupewe intafesi yake. Ukikuta klasi (kiolezo cha kuundia objekti) imeandika metodi ili tu itoe kosa la "haiwezekani", intafesi hiyo imenenepa.

Katika Java, klasi hutangaza yenyewe intafesi inayoitimiza. Python, tangu toleo la 3.8 la mwaka 2019, ina Protocol, namna yake ya kuandika intafesi: klasi yenye metodi zinazotakiwa inakubaliwa bila kutangaza chochote. Naipenda, hasa maktaba ikiwa ya mtu mwingine. Ila anayekagua ni mypy, zana ya pembeni inayosoma aina ulizoandika, kabla ya programu kuendeshwa. Python yenyewe haijali aina ulizoandika. Hata ukiweka runtime_checkable, alama inayoruhusu Protocol iulizwe kwa isinstance, hiyo isinstance itatazama kama metodi ipo, basi. Vigezo vyake haivigusi.

Ninapobishana zaidi na vijana ni kwenye pesa. Kiasi kikiwa int (namba nzima) tupu, dola 50 na faranga 50 havina tofauti. Wengi hukimbilia NewType, inayoipa int jina jipya kama Dola au Faranga, nayo inasaidia: ukimpa Faranga anayedai Dola, mypy inapiga kelele. Lakini zijumlishe hizo mbili uone. Kimya! Chini yake zote ni int, na int hujumlishwa na int. Afadhali klasi ndogo ya Dola isiyorithi int, ambayo __add__ yake (metodi inayofanya kazi ya alama ya +) inapokea Dola peke yake. Ni mistari michache, na mkaguzi atakataa mchanganyiko huo hapohapo unapoandika.

Kubadilisha sarafu kuwe metodi inayodai kiwango kama kigezo. Usikifiche ndani ya klasi: kiwango hubadilika, na mteja akirudi na risiti ya juzi, mwenye depo atataka kuona kile kilichotumika siku ile.