Ulizeni Fundi: Pangaboi lenye taa

*Shikamoo fundi. Mimi na mume wangu tunamalizia nyumba Chanika. Sebule ni futi 14 kwa 16, dari ni la jipsamu, na kutoka sakafuni ni futi 9. Kariakoo nimeona pangaboi lenye taa ambalo likizimwa mapanga yake yanajificha, inabaki taa tu kama ya ukumbini. Nimelipenda mno. Mume wangu anasema hayo ni mapambo, tuchukue la kawaida la inchi 56 lisilo na taa, maana tumeshaweka taa ndogo sita kwenye jipsamu. Tuamulie. Mama Pacha, Chanika.*

Marahaba, Mama Pacha. Nusu ya ushindi nampa mumeo, nusu nakupa wewe. Yeye kashinda kwenye upepo, wewe umeshinda kwenye taa.

Nianze na taa. Hizo sita ziko juu kabisa, na mapanga yatazunguka chini yake. Kila panga likipita linakata mwanga, na ukutani mnapata kivuli kinachopepesa usiku kucha. Kuna nyumba nilifunga hivyo hapa Tanga, ujana ulikuwa bado haujaniisha, na mwenye nyumba akaniita siku ya pili akidhani umeme wake unacheza. Nikakaa naye kwenye kochi, nikamwambia azime pangaboi. Ukuta ukatulia. Washa, ukuta ukaanza tena. Nilirudi kwangu kimya. Taa iliyoning'inia chini ya mapanga haina balaa hilo, kwa hiyo pangaboi likizunguka mtawasha ya kati, zile sita zisubiri siku ya wageni.

Sasa upepo. Pangaboi halipoozi chumba, linampoza mtu kwa kumkausha jasho. (Ndiyo maana kuliacha linazunguka sebuleni pasipo na mtu ni kuchoma LUKU bure.) Mapanga yanayojificha lazima yawe mafupi na membamba ili yakunjike juu ya taa, na mengi niliyoyafungua ni ya inchi 42. Sebule yenu inakaribia mita za mraba 21. Februari, saa nane mchana, joto la kaskazi limekaa, mtakuwa na taa nzuri juu na kipepeo cha ukindu mkononi. Chukueni lenye mapanga ya wazi, inchi 52 hadi 56, taa chini yake. Geuza boksi utafute namba ya upepo, mita za ujazo kwa dakika. La inchi 48 lililotengenezwa vizuri linafika 200 na zaidi, hivyo lenu kubwa lisiwe chini ya hapo. Boksi lisilosema chochote kuhusu upepo bali linasifia rangi za taa tu, mrudishie muuzaji.

Mapanga ya mbao mimi siyataki tena pwani. Nilidanganyika na rangi ya mninga, nikafunga kwangu, kumbe ni unga wa mbao ulioshindiliwa. Masika mawili tu yakawa yameinama kama masikio ya mbuzi, na pangaboi lote linatikisika. Plastiki ngumu au alumini, basi.

Kuhusu kimo, mapanga yasiwe chini ya futi 7 kutoka sakafuni, na juu yake yaachiwe sentimita 20 hadi 30 yapate kuvuta hewa. Kwa futi 9 zenu fimbo fupi inatosha. Fundi akikuletea fimbo ndefu kwa ajili ya urembo, mkatalie, maana taa nayo inashuka chini ya mapanga.

Hapa nakuomba usome mara mbili: jipsamu haibebi pangaboi. Blandaring, zile mbao nyembamba zinazoshika jipsamu, nazo hazibebi. Kulabu ishike mbao ya kenchi, au mbao nene iliyolazwa kutoka kenchi moja hadi nyingine na kufungwa kwa bolti. Kama jipsamu imeshafungwa, fundi apande darini. Mimi kabla ya kutundika chochote huishika kulabu kwa mikono miwili nikajining'iniza. Nina kilo 78. Ikinibeba mimi na isilie, nalitundika.

Mwulize pia fundi wenu (mwenye leseni ya EWURA, tafadhali) ameshusha waya ngapi pale katikati. Mnataka mbili za moto, moja ya pangaboi na moja ya taa, pamoja na nyutro na ethi, na swichi mbili ukutani. Ukiwa na waya moja utategemea rimoti, na wewe una pacha. Wiki ya pili rimoti iko chini ya kochi. Na lenye rimoti yake lisipitishwe kwenye regulata ya ukutani (kile kitufe cha kubadilisha kasi), litaunguruma na kufa.

Umeme: mota ya kawaida inakula kama wati 75. Saa 8 kwa siku ni uniti 18 kwa mwezi. Zile mpya za BLDC, mota zisizo na brashi, ni kama wati 30, uniti 7 na kidogo. Aliye kwenye kundi la D1 la TANESCO, la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ataiona tofauti hiyo. Bei yake iko juu, lakini mngeniuliza mimi, ningelipa.

Taa iwe ya balbu inayobadilishwa. Zile zilizogandishwa ndani zikiungua unatafuta spea mji mzima.

*Fundi, chumba changu ni futi 10 kwa 10, na chandarua cha duara kimening'inia katikati ya dari. Pangaboi lenye taa nilifunge wapi? Kijana wa Pangani.*

Katikati ni pa pangaboi, chandarua ndicho kihame. Tafuta cha mraba, kifungwe pembe nne kwenye fremu ya kitanda, chini kabisa ya mapanga. Inchi 42 inakutosha. La taa usinunue: ukilala chali utakuwa unaitazama balbu ya taa machoni kupitia wavu. Weka taa ya ukutani karibu na mlango. Na asubuhi zima kwanza ndipo ukung'ute shuka. Wiki iliyopita nimekata kanga iliyojisokota kwenye fimbo ya pangaboi la jirani, na jina lake limebaki nusu.