Nimwone Nani Kwanza?

SWALI: Shikamoo. Nimehitimu shahada ya uuguzi, nimerudi nyumbani Tanga na ninajiandaa kwa mtihani wa leseni. Maswali ya dawa siyaogopi, lakini nikikutana na swali linalotaja wagonjwa wanne na kuuliza nimhudumie nani kwanza, mara nyingi ninakosa. Katika jaribio la mwisho nilimchagua kijana aliyekuwa akilia kwa maumivu, nikaambiwa kuwa nimemwacha mtoto afe. Neno hilo limeniumiza. Nifanyeje?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ulimchagua kijana kwa huruma, na huruma hiyo usiitupe, maana wodini utaihitaji kila siku. Hata hivyo, swali la namna hii haliulizi nani anateseka zaidi. Linauliza nani atakufa au atapata madhara yasiyorekebishika iwapo utachelewa kwa dakika chache.

Tuseme umepokea zamu. Kuna mzee mwenye shinikizo la damu la miaka mingi, kipimo chake ni 164/92 kama jana, na hana dalili nyingine. Kuna kijana aliyefungwa plasta baada ya kuvunjika mguu, naye analia. Kuna mama aliyejifungua saa mbili zilizopita, ambaye pedi yake imelowa damu yote ndani ya robo saa. Wa nne ni mtoto mwenye pumu ambaye alfajiri kifua chake kilikuwa kikipiga mluzi, lakini sasa kimenyamaza, naye amelegea na anasinzia.

Wanafunzi wengi husoma neno "kimenyamaza" wakadhani dawa imefanya kazi. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na katika pumu msemo huo ni kweli tupu: mluzi husikika kwa sababu hewa bado inapita kwenye njia iliyobana, hivyo unapotoweka huku mtoto akizidi kulegea, maana yake ni kwamba hewa karibu haipiti tena. Angekuwa amepata nafuu, ungemkuta amechangamka, anazungumza, pengine anaomba uji. Ndiye wa kwanza, kwa mpangilio unaoujua wa njia ya hewa, upumuaji, kisha mzunguko wa damu. Mama anafuata papo hapo, kwani damu ya kiasi kile humwua mtu upesi. Wodini ungepaza sauti ili mwenzako akasugue mfuko wa uzazi wakati wewe unampa mtoto oksijeni, lakini mtihani umekupa mikono yako tu na jibu moja.

Kuhusu kijana, maumivu ya mfupa uliovunjika yanatarajiwa. Lakini swali likikuambia kwamba amepewa dawa na maumivu yanazidi, vidole vimepauka, ni vya baridi na vina ganzi, basi mambo yamebadilika, kwa sababu huenda damu haifiki mguuni na anaweza kuupoteza. Tofauti hii kati ya dalili inayotarajiwa na isiyotarajiwa ndiyo ninayokuomba uitafute kabla ya kutazama jina la ugonjwa. Saratani ni neno zito, lakini mgonjwa wa saratani anayesubiri kuruhusiwa kwenda nyumbani anaweza kungoja, ilhali mtoto aliyetolewa mafindofindo asubuhi na sasa anamezameza kila mara huenda anameza damu.

Wengi wenu mnajifunzia maswali ya NCLEX, mtihani wa leseni wa Marekani. Kwa kupanga wagonjwa yanafaa sana, kwa kuwa mwili wa mtu ni uleule. Yale ya kugawa kazi yasome kwa tahadhari, kwani yanafuata madaraja ya wauguzi wa huko, si mipaka ya kazi iliyowekwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga hapa kwetu.

Kuanzia leo, kabla ya kuchagua jibu, andika pembeni mwa kila mgonjwa kitakachompata ukimfikia baada ya nusu saa. Fanya hivyo kwa maswali kumi kila jioni, na ukikosa, tafuta neno moja ulilolipita ndani ya swali.