Tone la jicho hufika kifuani

Ukitia dawa ya jicho, punde ukasikia uchungu kooni, hukukosea kutia. Pembe ya jicho iliyo karibu na pua ina tundu, na tundu lina mfereji unaoshuka puani hadi kooni. Ndiyo maana mfamasia anayeijua kazi yake humuuliza mnunuzi wa dawa ya macho kama ana pumu, na mnunuzi humtazama kama aliyechanganyikiwa.

Chukua timolol, matone wanayopewa wengi wenye presha ya macho. Ikishuka kwa mfereji ule huingia kwenye damu, na kwa mwenye pumu hubana njia za hewa. Kibaya zaidi, huziba milango ileile ambayo salbutamol, dawa ya pumu ya kupuliza kwa pampu, huitumia kuzifungua, kwa hiyo mtu hupuliza na pampu isishike. Nyumbani watasema ni upepo wa kusi. Mwenye pumu akiandikiwa timolol, arudi upesi kwa aliyemwandikia abadilishiwe. Asiache dawa kimyakimya, kwani presha ya macho hula uoni bila kuuma.

Kutia kwenyewe kuna namna yake. Nawa mikono, inua uso, vuta kope ya chini ifanye kifuko, angusha tone moja bila ncha ya kichupa kugusa jicho. Fumba, kisha bana kwa kidole ile pembe ya karibu na pua dakika mbili. Jicho halibebi hata tone moja zima, kwa hiyo la pili ni pesa inayoteremka shavuni. Kama dawa ni mbili, acha dakika tano kati yake, na ya tyubu iwe ya mwisho.

Macho mekundu yakienea, kama ilivyokuwa hapa Pwani mapema 2024, kichupa kimoja huzungushwa nyumba nzima, na ugonjwa nao huzunguka nacho. Mengi ya macho hayo ni ya virusi: yanatoa maji, yanakereketa, hupona yenyewe kwa wiki moja au mbili kwa kuoshwa na maji safi yaliyochemshwa yakapoa, kila mtu na taulo yake. Usaha mzito unaogandisha kope asubuhi ndio unaofaa matone ya antibayotiki ya kloramfenikoli 0.5%: tone kila saa mbili kwa siku mbili, halafu mara nne kwa siku, jumla siku tano. Kichupa chake hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na hutupwa siku 28 baada ya kufunguliwa. Anayevuka nacho kwenda kisiwa cha Pate akitie kwenye chupa ya chai yenye barafu, amekizungushia kitambaa kisigande. Macho yote mawili yakiwasha sana wakati wa vumbi la kaskazi, au kila ukimhudumia punda, huo ni mzio na antibayotiki haina kazi hapo.

Dawa ninayoikatalia kabisa kuuzwa kwa kubahatisha ni ile yenye deksamethasoni, aina ya steroidi. Wekundu huisha haraka, na ndio mtego wenyewe: ikiwa ndani mna virusi vya malengelenge, kioo cha jicho kinaendelea kuliwa huku mtu anashukuru. Ikitumiwa kwa wiki kadhaa, hupandisha presha ya jicho. Jicho linalouma kweli, linaloogopa mwanga au lililopungua kuona, pamoja na la mtoto mchanga lenye usaha, liende hospitali ya King Fahd, Lamu, siku hiyohiyo. Maziwa ya mama ni chakula cha mtoto, si matone ya jicho.

Koo halina maneno mengi. Likiambatana na mafua na kikohozi, karibu kila mara ni virusi: parasetamoli, na kusukutua kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji vuguvugu. Homa, tezi za shingo zinazouma, usaha kooni na hakuna kikohozi, hasa kwa mtoto wa shule, apimwe. Akipewa amoksilini ni siku 10 kamili, hata kama siku ya tatu anakula mahamri, kwa sababu bakteria huyo akiachwa huweza kuharibu moyo. Kimio hakikatwi, watoto huvuja damu na kuoza kidonda. Mwenye pumu naye asimeze aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki kwa ajili ya koo kabla ya kuuliza, maana kwa baadhi yao kifua hufunga.

Njia inarudi pia kutoka kifuani. Pampu ya kinga, mfano beklometasoni, isiposukutuliwa na kutemwa huacha utando mweupe mdomoni na sauti ya kukwaruza, na mtu huja kutafuta dawa ya koo.

Pampu ya salbutamol kwa mtoto huhitaji chupa ya kupitishia dawa. Twaa ya maji ya ml 500, toboa kitako chake kwa waya wa moto tundu la umbo la mdomo wa pampu, uchomeke ukaze kwa utepe. Osha kwa maji yenye matone ya sabuni na uiache ikauke yenyewe, kwani plastiki iliyosuguliwa kwa kitambaa hushika umeme unaonasa dawa ukutani. Tikisa pampu, puliza mara moja, mtoto avute na kutoa pumzi mara tano kwenye shingo ya chupa. Tikisa tena kabla ya mpulizo wa pili. Kubonyeza mara tatu kwa mpigo hugandisha dawa ndani ya chupa.

Pampu nyingi zina mipulizo 200. Ihesabu, mchezo wa kuielesha kwenye maji hausemi kweli. Asiyeweza kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi apulize mmoja mmoja hadi 10. Kwa aliye Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, boti itafutwe huku mgonjwa anapuliziwa, si baada ya kungoja kuona kama itashika.