Kokoto na Chuma Namba 3

Mhariri, wiki hii mmeuliza: ukipewa saa moja na mwanamichezo yeyote, awe hai au ameshatangulia, utakaa na nani? Najua wengi watawajazia Pelé na Maradona. Mimi nipeni Seve Ballesteros, mcheza gofu wa Hispania, aliyezaliwa Pedreña mwaka 1957 na kufariki Mei 2011 kwa uvimbe wa ubongo.

Ndiyo, gofu. Nimekulia Moshi, na utotoni nilikuwa kedi, nabeba mabegi ya fimbo za wazee. Fimbo zetu wenyewe hatukuwa nazo, basi tukapinda kipande cha nondo, tukakiviringishia tyubu ya baiskeli pa kushikia. Mipira tuliiopoa mtaroni. Mmoja tuliupasua, tukakuta nyuzi za raba zimejisokota humo ndani, mita kwa mita.

Seve naye alikuwa kedi. Kaka yake Manuel alimpa chuma namba 3 kikuukuu, yaani fimbo ya gofu yenye kichwa cha chuma, akawa anashinda nacho ufukweni akipiga kokoto, na usiku anapenya uwanjani kinyemela. Mchezaji anaruhusiwa fimbo 14. Yeye hiyo moja ilimfanyia kazi ya zote. Nadhani ndiyo maana mpira ukienda pabaya hakushtuka. Mashindano makubwa ya British Open ya 1979, uwanja wa Royal Lytham, Uingereza, siku ya mwisho, shimo la 16: mpira ukaishia kwenye maegesho ya magari! Akaruhusiwa kuudondosha pembeni bila adhabu, akaupandisha grini, zile nyasi fupi zenye shimo, akaufukia kwa pigo la tatu, kwenye shimo linalotarajiwa mapigo manne. Kombe likaenda kwa kijana wa miaka 22. Akalirudia 1984 na 1988, na katikati akavaa koti la kijani, lile analovishwa bingwa wa Masters, mashindano makubwa ya Marekani, mara mbili, 1980 na 1983. Kabla yake hakuna Mzungu wa Ulaya aliyelivaa.

Na 1978 alishinda Kenya Open, hapo Nairobi tu. Kedi mmoja mzee alituapia kwamba alikwenda kumwona. Tukamcheka, maana mpaka wa Tanzania na Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977. Siku hizi sina hakika kama alidanganya. Njia za panya zilikuwepo.

Saa yangu nisingeimalizia kwenye makombe. Ningemuuliza alipandishaje kokoto kwa chuma namba 3, na uso wa fimbo hiyo umesimama vile, hauinui kitu kirahisi. Ile nondo bado ninayo, mama watoto ameifanya komeo la banda la kuku. Siku hiyo ningeichomoa niende nayo, kuku walale mlango wazi.