Maswali na Majibu: Kumpima Mzee kwa Mashine

*Daktari, nimempima mama, miaka 74, kumbukumbu kwa programu ya simu. Amepata 19 kati ya 30. Ana demensia, maradhi ya kusahau? (Likoni)*

Swali hili haliishi! Alama si ugonjwa. MoCA, kipimo cha kumbukumbu na fikra cha mwaka 2005, ambacho wengi huiga, kina mpaka wa 26 (chini yake ni shaka), na humwongezea alama moja tu aliyesoma miaka 12 au pungufu. Aliyeishia chuo cha Kurani akihitimu msahafu, asishike penseli maishani, anafidiwa nini? Kisha anaambiwa achore saa ya 11:10. Ukimsomea "saa kumi na moja na dakika kumi", mshale mfupi atauweka kwenye tano kama sote hapa Mombasa, na mashine itamwandikia kosa. Jirani zetu Tanzania wana kipimo cha IDEA kwa wasiosoma: mzee hupanga njiti za kiberiti, kalamu haitakiwi. Na miwani alivaa? Anasikia? Hukusema. Niambie kama siku hizi anaunguza chakula au anapotewa na hesabu ya chenji sokoni Kongowea. Kama ndivyo, mpeleke kliniki, na damu ipimwe: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo, hata dawa za usingizi humsahaulisha mtu, na hayo yana tiba.

*Roboti hachoki. Si atampima vizuri kuliko daktari? (Tudor)*

Hachoki, na huuliza kwa sauti ile ile kila mara. Sisi wa foleni ndefu hatuwezi. Italia walimjaribu Pepper, roboti wa umbo la mtu, kwa kazi hiyo. Lakini programu nyingi zinazosikiliza usemi zilifunzwa kwa rekodi za Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani: watu wakieleza kwa Kiingereza picha ya mtoto akiiba biskuti. Bibi wa Mji wa Kale anayeanza kila kisa na ukoo wa mhusika ataonekana amepotea. Muuzaji akishindwa kukwambia imejaribiwa kwa wazee gani wa Kiswahili, baki na pesa zako.

*Na Paro je? (Nyali)*

Ni roboti wa kubembeleza mwenye umbo la sili, mnyama wa baharini, kutoka Japani. Hapimi kitu.

*Baba amechanganyikiwa tangu juzi. Programu gani nzuri? (Bamburi)*

Hakuna. Hospitali, leo. Ghafla hivyo huwa maambukizi, sukari, au damu kichwani baada ya kuanguka.

*Nimrekodi nyanya kwa siri niipe akili unde isikilize? (Majengo)*

Usithubutu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Na usiitume kwenye kundi la familia: hapa Pwani wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi, na klipu ya bibi akisema peke yake usiku hujui itaishia kwa nani.