Maswali ya Wasomaji: Gari Moja, Watu Wanne

SWALI: Tuko wanne, kazini ni eneo moja, kila mtu na gari lake. Tukienda kwa gari moja tutaokoa mafuta kweli, au tutaishia kuzunguka mitaani tukipitiana?

JIBU: Tuchukulie kila mmoja anaendesha kilomita 15 kwenda, na gari linakula lita 8 kwa kilomita 100. Magari manne, kwenda na kurudi, yanamaliza lita 9.6. Gari moja likiongeza kilomita 3 kila safari ili kuwapitia wengine linatumia lita 2.9, na kidogo zaidi kwa uzito wa abiria. Mnabakiza kama lita 6 na nusu kwa siku. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya ukaa, kwa hiyo mmepunguza kilo 15 hivi.

Kinachovunja mipango hii ni kumfuata kila mtu hadi mlangoni kwake. Kuingia mtaani, kupiga honi, kusubiri mtu atafute funguo, kugeuza gari: dakika tano zimekwenda, na anayeumia zaidi ni aliyepanda wa kwanza, maana anabeba ucheleweshaji wa wote. Chagueni vituo viwili kwenye barabara kuu, upande gari linakoelekea, mahali pa kusimama bila kuziba njia. Kubalianeni muda wa kusubiri, dakika 3 zinatosha, kisha gari liondoke. Mkimlegezea mtu mara moja kwa sababu ya cheo chake, sharti hilo limekufa.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni upepo wa tairi. Magari mengi yana kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva chenye vipimo viwili: cha mzigo mdogo na cha gari lililojaa. Jazeni kwa hicho cha pili, tairi zikiwa bado baridi. Tairi yenye upepo mdogo hula mafuta na huisha pembeni.

SWALI: Pesa tugawane vipi?

JIBU: Mkiweza kupokezana magari kwa wiki, msishike pesa kabisa. Gari likiwa la mtu mmoja, gawanyeni mafuta na maegesho kwa nne, dereva akiwemo. Akianza kupata faida, kampuni ya bima inaweza kusema anafanya biashara ya abiria na kukataa kulipa siku ya ajali. Aulize mapema, na majibu ayapate kwa maandishi.

SWALI: Mwenzetu mmoja hupanda basi. Tumchukue?

JIBU: Mchukueni kwa wema, ila msimhesabu kwenye faida ya mazingira. Basi litapita vilevile bila yeye. Mkiwa wawili tu, wewe na yeye, hakuna gari lililobaki nyumbani, na kule kumpitia kumeongeza mafuta.

SWALI: Mimi gari nimeliacha, naita teksi za programu ya simu. Si ni yaleyale?

JIBU: Hapana, na hapa matangazo yamewapotosha watu wengi. Teksi hutembea tupu ikisubiri mteja na ikimfuata. Mamlaka ya hewa ya jimbo la California, Marekani, ilipima safari za mwaka 2018 ikakuta asilimia 38.5 ya umbali wa magari hayo hayakuwa na abiria. Kwa kiwango hicho, safari yako ya kilomita 10 imebeba nyingine 6 tupu. Gari la umeme huondoa moshi wa ekzosi, lakini kwenye foleni linachukua nafasi ileile.

Chagua safari ya kuchangia, yaani teksi moja na abiria wengine wa njia yako, ukijua kwamba programu isipompata mwenzako wa njia moja utasafiri peke yako kwa nauli nafuu, na hewa haijaokoka chochote. Matumizi yake bora ni kipande kifupi hadi stesheni ya treni au kituo cha basi, au usiku mabasi yakishalala. Weka akiba ya nauli hiyo pia kwa siku dereva wenu atakapoitwa nyumbani ghafla saa sita mchana.