Mayai ya mjomba yalinifundisha sheria ya biashara kuliko darasa

Mdogo wangu uliyeuliza jana, swali lako nimelisoma mara mbili. Uko mwaka wa pili wa sheria, ukaenda kuhojiwa upate nafasi ya mafunzo katika ofisi ya mawakili huko Upper Hill, wakakuuliza: "Mteja wetu ana hoteli. Riba ikipanda, yeye inamhusu nini?" Ukakauka. Sasa unaomba orodha ya vitabu. Orodha sina. Ila niko kwenye kazi hii mwaka wa tisa sasa, na mimi nilikauka vibaya kuliko wewe, tena mbele ya mteja mwenyewe.

Nilikuwa kwenye ile miezi 6 ya mafunzo ya vitendo ambayo mwanafunzi wa Shule ya Sheria hufanya chini ya wakili. Mteja alikuwa na duka la vipuri barabara ya Kirinyaga, ile wazee bado huiita Grogan. Muuzaji wake wa Dubai alikuwa amebadilisha masharti: pesa zote zilipwe kabla meli haijang'oa nanga. Bosi wangu akaniambia nimwandikie maoni ya kisheria. Nikaandika kurasa 11, kesi za Uingereza juu ya kesi za Uingereza. Mzee akafungua, akapekua mpaka ya mwisho, akanitazama. "Kijana, kwa hivyo nilete mzigo ama nisilete?"

Sikuwa na jibu. Sikujua mzigo wenyewe ni wa shilingi ngapi, unakaa baharini siku ngapi, wala mafundi anaowauzia humlipa baada ya muda gani. Mkataba wake nilikuwa nimeukariri, lakini biashara yake ningepita mbele yake nisiitambue.

Aliyenifungua macho ni mjomba wangu, ndugu yake mama, anayefuga kuku Wangige. Alikuwa akipeleka trei 300 za mayai kila wiki kwenye duka moja kubwa la Nairobi, silitaji jina, bado liko. Mkataba ulisema atalipwa baada ya siku 30. Zikawa 60, zikawa 120. Chakula cha kuku hakikopeshwi siku 120, hilo unalijua. Mimi, wakili mpya mwenye koti la Gikomba, nikamwambia kwa kujiamini: tuongeze kifungu kwamba mayai yanabaki mali yako mpaka duka likulipe, wasipolipa tunayadai yenyewe.

Mjomba alicheka mpaka akashika ukuta. "Mayai niliyopeleka mwezi wa tatu? Mpwa wangu, hayo yashakuwa keki. Utayatoa tumboni mwa nani?"

Kifungu hicho ni halali na kina kazi yake kwa anayeuza friji au trekta. Kwa mayai ni mapambo. Siku hiyo nilianza kuuliza maswali ambayo mwalimu hakuwahi kuniuliza: pesa inakwama wapi? Nani ameibeba hasara huku wengine wakisubiri? Na duka likianguka kesho, mjomba yuko nafasi ya ngapi kwenye foleni?

Foleni hiyo iko kwenye Sheria ya Ufilisi ya 2015. Benki iliyoshika dhamana mbele, gharama za ufilisi na wanaopewa kipaumbele kama wafanyakazi wakifuata kwa mpangilio wao, na muuzaji wa mayai asiye na dhamana yuko huko nyuma anachungulia. Kama unataka kuiona ikiwa hai, fuatilia Nakumatt, yale maduka makubwa ambayo habari zake zilijaa magazetini: iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe kabisa. Soma ukiwa umevaa viatu vya aliyepeleka maziwa, kisha usome tena ukiwa benki. Utaona ni hadithi mbili tofauti.

Nikarudi kwa mjomba na kitu kingine. Kuna wanaonunua ankara: anakupa sehemu kubwa ya pesa leo, yeye ndiye anasubiri duka, anakata chake. Tangu 2017 tuna sheria ya dhamana za mali inayohamishika, inayokuruhusu kuweka dhamana hata deni unalodai, hata kuku wenyewe, bila kuwa na hati ya shamba. Nilidhani nimefika. Mnunuzi wa ankara akasoma mkataba wa duka, akakuta ibara ya 9: duka linaweza kukata pesa za matangazo na za bidhaa zilizoharibika, kiasi litakachoona kinafaa. Maana yake hakuna aliyejua ankara ya laki moja itazaa ngapi. Akatoa bei ya kusikitisha. Unaona? Kifungu kimoja ambacho ningekiruka kwa sababu hakina utata wa kisheria ndicho kilichoua thamani ya deni. (Kuchelewesha malipo na kumbebesha muuzaji gharama zako ni mambo ambayo Mamlaka ya Ushindani inayaangalia kama matumizi mabaya ya nguvu za mnunuzi. Lakini kumshtaki mteja anayenunua robo tatu ya mayai yako ni uamuzi wa biashara kabla haujawa wa sheria.)

Robo tatu, shika hapo. Mwaka huu mtafundishwa kesi ya Salomon ya 1897, na mtaimba kwamba kampuni ni mtu na mwenye kampuni ni mtu mwingine. Sawa. Lakini jiulize kwa nini biashara ya viatu ya huyo Salomon, mzee wa London, ilianguka. Kulikuwa na migomo, na serikali, mteja wake mkuu, ikaamua kugawa zabuni zake kwa kampuni nyingi zaidi. Mteja mmoja mkubwa akageuza uso, basi. Kesi tunayoikariri miaka zaidi ya 120 baadaye ilianzia kwenye shida ile ile ya mjomba. Nilimaliza shahada bila kuiona.

Sasa hoteli yako. Mimi ningejibu hivi. Kwanza ningeuliza, maana kuuliza si kukosa jibu: amekopa? Riba inabadilika au imefungwa? Kama inabadilika, kila mwezi anatoa zaidi huku vyumba vikibaki vile vile. Wateja wake ni kina nani? Kama ni semina za mashirika, hizo ndizo hukatwa kwanza watu wakibana matumizi. Kisha ningefungua mkataba wa mkopo nitafute masharti ya uwiano wa mapato na deni, kwa sababu unaweza kuyavunja hata kama hujawahi kuchelewesha malipo. Halafu ndipo sheria: kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki, kinachozuia benki kupandisha ada zake bila idhini, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Stanbic na Santowels kwamba kifungu hicho kinagusa hata riba, yaani benki inahitaji idhini ya Waziri wa Fedha kabla ya kuipandisha. Je, benki ya mteja ilikuwa nayo? Hapo aliyekuhoji angeweka kalamu chini.

Na ungetaka kumaliza, ungegusia kwamba tulishajaribu kuifunga riba kwa sheria, kati ya 2016 na 2019, isizidi asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Benki zikaona heri ziikopeshe serikali, mwenye kibanda akakosa mkopo kabisa.

Kuhusu kusoma magazeti ya biashara kila asubuhi kama ulivyoshauriwa na waliotangulia kujibu: soma, lakini vichwa vya habari husahaulika kabla matatu haijafika mjini. Mimi nilichagua kampuni moja tu iliyoorodheshwa kwenye Soko la Hisa, nikaifuata mwaka mzima. Ripoti yake niliisoma kutoka nyuma, kwenye maelezo ya hesabu, kwa sababu hapo ndipo huzikwa kesi zinazoendelea na madeni yanayoweza kuiva. Barua ya mwenyekiti iruke, wote huandika kwamba mwaka ulikuwa na changamoto. Kampuni ikitoa onyo kwamba faida itashuka kwa asilimia 25 au zaidi, ambalo ni lazima ilitoe, kaa uandike mwenyewe ukurasa mmoja: nani atapigia wakili simu leo, na kwa nini.

Pia nenda Milimani ukakae asubuhi moja kwenye Mahakama ya Madai Madogo. Dai halizidi shilingi milioni 1 na kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60. Utasikia makubaliano ya WhatsApp, mizigo iliyofika nusu, mashemeji waliokopeshana kupitia M-Pesa. Hakuna mhadhara utakaokuonyesha vizuri zaidi jinsi watu wa mji huu wanavyofanya biashara, na kuingia ni bure.

Umeuliza pia kama ufanye CPA, ile mitihani ya uhasibu. Kama una ada na moyo, fanya. Mimi nilianza, nikaishia sehemu ya kwanza, na kile kidogo kilinitosha nisitishwe na mizania. Mjomba hakufanya hata hiyo. Lile duka alilipunguzia hadi trei 60, nyingine anawauzia wenye mikahawa ya Kangemi, wanaolipa jioni ile ile.